Ukuta Nilioupaka Rangi kwa Aibu

Nakumbuka mchana mmoja, mwanangu, nikiwa nimesimama mbele ya lifti ya jengo letu kule Evere, Brussels, nilipowaambia majirani kwamba nitaifanya kampuni ya nyumba ivunje ukuta wangu na kuujenga upya. Walicheka mpaka lifti ikafungua milango na kuifunga bila mtu kuingia.

Aliyecheka kuliko wote alikuwa Tonton Kazadi, mzee wa Kolwezi, Kongo, aliyekaa ghorofa ya tano. "Wee Mutanzania," akasema, "utabishana na bale bantu na kile Kiswahili yako ya redio? Mi niko hapa vingt-deux ans, myaka ishirini na mbili. Ile kampuni haina masikio, iko na guichet tu, dirisha ya makaratasi." Mwingine akasema nitafukuzwa mimi na familia yangu. Shemeji yangu wa hapa Kigoma akanipigia simu kuniambia kwamba mtu aliyepewa nyumba ya serikali ugenini anashukuru na kunyamaza.

Niliweza. Nakuambia mapema ili usikae ukinihurumia. Lakini kabla ya kuweza niliharibu, na kosa lenyewe ni la watu wetu hasa. Kama umelelewa vizuri, kama nilivyolelewa mimi, utalifanya vilevile, ndiyo maana nakuandikia.

Nyumba ile tuliisubiri miaka saba. Zile ni nyumba za umma, kodi yake inapimwa kwa kipato chako, na foleni yake ni ndefu. Katika miaka hiyo sikukaa bure. Mchana nilisafisha ofisi katika minara iliyo karibu na kituo cha treni cha Gare du Nord, jioni nikasomea ufundi wa joto na hewa katika majengo. Mwalimu mmoja aliniambia kwa upole kwamba Kifaransa changu hakitanifikisha mwaka wa pili. Nilimaliza mwaka wa tatu nikiwa wa tatu darasani, na wawili walionitangulia walizaliwa hukohuko. Diploma hiyo leo imetundikwa sebuleni kwangu, na kila mgeni huiona kabla ya picha ya harusi.

Tuliingia ghorofa ya tatu, mimi, mke wangu Zawadi, na binti yetu Neema. Majira ya baridi ya pili, kona ya chumba cha Neema ikaanza kulowa. Kwanza vidoa, kisha kuvu jeusi likapanda kutoka sakafuni mpaka usawa wa kitanda. Tukakihamishia kitanda sebuleni, lakini ukuta ni uleule, na unyevu ukatufuata. Mtoto alikuwa na miaka minne. Alipovuta pumzi kifua kilipiga filimbi, na kila lifti ilipoharibika, ngazi za ghorofa tatu ilibidi nimbebe. Daktari alimsikiliza mgongoni kwa muda mrefu, kisha akatuambia mtoto huyu asipitishe baridi nyingine karibu na ukuta ule. Tungekwenda wapi? Nyumba za watu binafsi zilikuwa zinadai kodi mara mbili ya mshahara wangu.

Nikaipigia kampuni simu mara tatu. Mwishoni wakanipa siku: mkaguzi atakuja Jumanne asubuhi.

Sasa sikiliza nilichofanya Jumatatu. Zawadi alisimama mlangoni mwa kile chumba akasema, "Kesho mgeni anaingia humu, na chumba kiko hivi?" Wala hakuhitaji kuniambia. Tangu utoto wangu sijaona mama yangu akimpokea mgeni katika nyumba chafu. Nikanunua dawa ya kuua kuvu na ndoo mbili za rangi nyeupe. Nikasugua, nikapaka mara ya kwanza na ya pili. Zawadi akashona pazia jipya la kitenge. Kukicha akaweka pilau jikoni na kukaanga sambusa, madirisha yote yakatiririka mvuke.

Mkaguzi alikuwa kijana mpole. Aliuangalia ukuta, mweupe kama shuka ya hospitali. Akaiangalia sufuria. Akaangalia vioo vya madirisha. Alikula sambusa tatu, akatushukuru sana, akaondoka. Nilimwambia mke wangu, "Umeona? Heshima hujibiwa kwa heshima."

Baada ya wiki mbili barua ikaja. Hakuna unyevu ukutani. Mvuke unatokana na mapishi mengi na mpangaji kutojua kupitisha hewa. Mpangaji anashauriwa kufungua madirisha. Mimi, mwenye diploma ya hewa. Niliisoma barua ile mara tatu, kila mara nikitumaini Kifaransa changu kimenidanganya.

Niliipeleka kwa Maman Véro. Huyu alikuwa mjane kutoka Likasi, mwalimu mstaafu, aliyekaa ghorofa ya kwanza muda mrefu kuliko wapangaji wote. Aliisoma, akaikunja, akanitazama.

"Ulipaka rangi?"

"Nilipaka, Mama. Mgeni alikuwa anakuja."

"Bon. Na mutoto yako akigonjwa, mbele ya kumupeleka kwa munganga, unamupaka poudre kwa uso kusudi munganga aseme iko muzuri?"

Nikanyoosha mkono niichukue barua yangu, hakuiachia.

"Ule kijana hakukuwa mugeni, mwanangu. Alikuwa munganga ya nyumba. Unamufichia ugonjwa, unamupa sambusa. Alors, ile diploma yako ni ya nini? Ya pilau?"

Sijawahi kukemewa hivyo na mtu asiye mzazi wangu. Nilitaka kuondoka. Lakini akanishika mkono, akaniongoza chumbani kwake, akaniambia nisukume kabati. Nyuma yake ukuta ulikuwa mweusi kutoka sakafuni mpaka darini. Alikuwa ameuficha miaka tisa. "Kwa kampuni bananiambiaka ni mimi peke yangu," akasema, na sauti yake haikuwa tena ya ualimu. "Mi na haya, nikaweka kabati."

Hapo ndipo diploma ilipofanya kazi yake. Kona ile ilikuwa moja kwa moja chini ya kona ya Neema, mstari mmoja. Mvuke wa pilau yangu hauwezi kushuka ghorofa mbili na kuichagua kona ileile kwa jirani. Maji yanaweza. Ndani ya ukuta ule lilipita bomba linaloteremsha mvua kutoka paani, na mahali fulani juu yetu lilikuwa limepasuka.

Ndipo nilipotangaza yale maneno mbele ya lifti, wakacheka kama nilivyokwisha kukuambia. Nikaanza kugonga milango ya wengine waliokaa katika mstari ule; pamoja na mimi na Maman Véro tulikuwa familia sita, kuanzia ghorofa ya chini mpaka ya tano. Kila mlango jibu lilikuwa moja: kwetu ni pakavu, asante, karibu chai. Nilitambua aibu yao kwa sababu ilikuwa yangu. Kwa hiyo nikarudi na Maman Véro, na yeye akatanguliza picha ya ukuta wake mwenyewe. Hakuuliza kwako kukoje. Alisema, "Ona kwangu." Ndipo masofa yakaanza kusogezwa. Kwa mmoja uozo ulikuwa nyuma ya televisheni, kwa mwingine nyuma ya picha ya Moyo Mtakatifu. Kila familia iliwahi kulalamika mara moja, na kila moja iliambiwa iko peke yake.

Tonton Kazadi alishikilia kwamba kwake ni propre, safi, hakuna doa. Jumapili moja baada ya misa akanigongea mwenyewe, amebeba suti ya rangi ya divai iliyoota manyoya ya kijani mabegani. "Regarde, petit," akasema. "Njo suti ya ndoa ya mutoto yangu. Ilikuwa kwa kabati tu." Hakuwa anacheka tena. Alitaka vita. "Tusilipe loyer tena. Batakuya bakikimbia."

Nikamkatalia. "Tonton, siku tutakayoacha kulipa, hawatazungumza tena juu ya ukuta. Watazungumza juu ya kodi, na tutakuwa na makosa sisi." Alinung'unika, lakini alilipa.

Tukaandika barua moja yenye sahihi za familia sita, tukaituma kwa rejista ili wasiseme haikufika. Tulitia ndani picha zenye tarehe, cheti cha daktari wa Neema, na mchoro wa ukuta wote tangu paa mpaka msingi, nilioupima kwa mkono wangu na kuandika chini jina langu na diploma yangu. Tukawapa mwezi mmoja, la sivyo tutawaita wakaguzi wa Mkoa, ambao wana uwezo wa kutangaza nyumba haifai kukaliwa na watu.

Walijibu kabla ya mwezi kwisha. Asubuhi waliyokuja hakuna aliyepika katika mstari wetu, hakuna aliyepaka, na madirisha yalikuwa wazi tangu alfajiri. Kabati zote zilikuwa katikati ya vyumba. Zawadi aliteseka kuliko alivyoteseka uchungu wa uzazi. "Hata chai nisiwape?" akaniuliza. Nikamwambia chai awape, lakini wainywe wakiwa wamesimama mbele ya ukuta.

Yule kijana mpole alikuja na mhandisi wao mkuu, mtu mzima mwenye kipima unyevu mkononi. Mhandisi akaanza kunieleza habari za kufungua madirisha. Nikamsikiliza mpaka mwisho, maana mimi nina adabu, kisha nikamuuliza: "Bwana, jiko lipi kati ya haya sita linapuliza mvuke kwenye kona moja ya ghorofa sita?" Alipanda ngazi akipima nyumba moja baada ya nyingine, na kwa kila ghorofa maneno yake yalipungua nusu. Kwa Tonton Kazadi aligonga ukuta kwa kishikio cha bisibisi, na lipu ikamdondokea kiatuni kama mkate uliolowekwa kwenye chai. Nyuma yake bomba lilionekana, limefunguka kwenye kiungo, mvua ya Brussels ikiingia ukutani kwa raha zake.

Mhandisi aliutoa mchoro wangu mfukoni, akaulinganisha, akauliza nani aliuchora.

"Mimi," nikasema.

"Le Mutanzania," akadakia Tonton Kazadi, kwa majivuno kama yangu. "Yetu."

Walivunja. Waliweka bomba jipya tangu paani, wakang'oa lipu iliyooza, wakakausha kwa mashine, wakapaka rangi kwa gharama yao. Tonton alilipwa kabati na suti. Nami nikadai barua ya pili, ya kufuta ile iliyosema sijui kupitisha hewa, na nikaipata, ina muhuri. Baada ya hapo, nikipita sokoni Flagey, watu nisiowajua walinisimamisha, "Papa Ukuta, na kwetu kuna maji," nami nikawaeleza bure.

Baridi iliyofuata daktari alimsikiliza Neema, akakiweka chombo mezani, akauliza nani alimtibu. Ningetaja jina langu, lakini Zawadi aliwahi. "Mafundi bomba," akasema. Mtoto aliiacha lifti, akapanda ngazi za ghorofa zote tatu mbele yetu siku hiyo, na mimi niliyechoka ndiye niliyeomba tupumzike.

Basi, mwanangu unayekwenda kuishi katika nyumba za wengine, shika hili. Mgeni mpokee kwa usafi wote uliofundishwa kwenu, lakini anayekuja kupima ubovu mwonyeshe ubovu kama ulivyo, wala usione haya, kwa sababu hukuujenga wewe. Lipa kodi yako mpaka senti ya mwisho. Andika, weka nakala, piga picha. Na ukiambiwa uko peke yako, kabla hujaamini panda ngazi ukagonge, na utangulize kuonyesha lako. Elimu uliyoipata usiitundike tu. Itumie kwanza, uitundike baadaye, kama mimi.

Mungu akupe dari isiyovuja na majirani wasiokuficha kitu. Watoto wako wavute pumzi bila sauti, nawe uzeeke ukiwa na jambo la kujivunia.