Mwalimu Pole na Mchezo wa Msaliti

Jina la Mwalimu Pole alipewa na watoto wa darasa la kwanza. Kila aliyeanguka uwanjani, kila aliyevunja penseli, kila aliyejikojolea kwa woga siku ya kwanza, alisikia neno hilo kabla ya jingine lolote. Alikuwa amefundisha a, e, i, o, u kwa muda mrefu hata baadhi ya akina mama waliokuja kuandikisha watoto wao walimwamkia wakikwepesha macho, wakikumbuka walivyolia katika chumba kile kile cha mwisho, karibu na bomba la maji.

Kisha vikaja vitabu vipya. Kitabu cha zamani kilianza na paka aliyelala mkekani. Kipya kilianza na Mlezi, maana ndivyo mtawala alivyotaka aitwe, kikisema: Mlezi halali usingizi. Mlezi anatuona. Katika hesabu, machungwa yaliondoka, wakaingia askari waliokamata wasaliti. Mtoto ajumlishe wamekamatwa wangapi. Asubuhi, kabla ya masomo, mtoto mmoja aliitwa mbele kuongoza Kiapo cha Mlezi, na shule nzima ikamfuatisha.

Mwalimu Pole alijipa moyo kwamba herufi ni herufi. M ni m, iwe ya mama au ya Mlezi. Alimwambia hivyo mumewe, fundi cherehani, ambaye siku hizo alikuwa akishona skafu za bluu za vijana wa Mlezi mpaka vidole vikafa ganzi. Mzee hakuinua macho. Akasema tu kwamba maji na sumu hunywewa kikombe kimoja, kisha akamwomba ampitishie uzi.

Kilichomchosha zaidi hakikuwa kitabu. Kilikuwa mapumziko.

Zamani watoto wakitoka nje walicheza kujificha, au mama na baba. Sasa walicheza msaliti. Mmoja alisimamishwa ukutani, wengine wakamzunguka na kumsomea makosa kwa sauti za wakubwa waliowasikia redioni. Na msaliti alikuwa yule yule kila siku: kasichana kembamba waliyemwita Kidege, mwenye kigugumizi. Zamu yake ya kuongoza kiapo ilipofika, alikwama kwenye jina la Mlezi, m-m-m, mpaka shule nzima ikacheka, na mwalimu wa zamu akamwacha asimame juani hadi kengele. Tangu hapo watoto walikuwa na ushahidi wao.

Mwalimu Pole aliwakataza. Wakahamia nyuma ya choo. Alimweleza mwalimu mkuu, waliyesoma naye chuo kimoja, mtu asiye mbaya ila alilowa jasho kila gari geni lilipopita getini. Akamwambia mchezo wa watoto ni mchezo wa watoto, yeye ana mambo chungu nzima.

Siku moja akawafuata huko nyuma ya choo. Kidege alikuwa ameshasimama ukutani, mikono nyuma, hata halii tena. Mwalimu akamshika bega, akamsogeza pembeni, akasimama mahali pake.

"Leo msaliti ni mimi," akasema. "Haya, nihukumuni."

Kwanza walicheka. Kisha mmoja akasema mwalimu amemtukana Mlezi. Mwingine akasema ameuza nchi. Mwalimu akamuuliza nchi ameiuza kwa nani. Mtoto akawatazama wenzake, nao wakamtazama yeye. Akawauliza tena, kwa sauti ile ile aliyowafundishia kushika penseli:

"Mmeniona nikifanya nini?"

Mmoja akaanza kulia. Mwingine akasema polepole kwamba yeye hakuona kitu, aliambiwa tu na wenzake. Kengele ikalia, wakarudi darasani, Kidege akiwa katikati yao.

Siku ile ile, nyumbani kwao, mtoto mmoja alisimulia kwa furaha kwamba wamemhukumu mwalimu na hawakumpata na kosa. Hakuwa na nia mbaya. Mtoto husema lililomfurahisha. Ila baba yake alikuwa mtu wa ofisi ya chama cha Mlezi.

Walikuja wawili kutoka idara ya elimu. Kabla Mwalimu Pole hajaingia kuhojiwa, mwalimu mkuu alimvuta kando kwenye ujia, kola imelowa.

"Dada, waambie ulikuwa unawafundisha kuwachukia wasaliti. Sema hivyo tu, yaishe."

Ulikuwa uongo mwepesi, na alijua ungetosha. Lakini alijisikia kama mtu aliyebeba ndoo kichwani toka alfajiri, kisha anaombwa aongeze kijiko kimoja tu cha maji.

"Nimeshawakaririsha mengi, kaka," akasema. "Hilo sitaliweza."

Hakufungwa, ingawa wengine walifungwa kwa madogo kuliko hayo. Walimwondoa darasani wakampeleka ghala la vitabu la idara, chumba kisicho na dirisha, kubandika karatasi nyeupe juu ya aya zilizopigwa marufuku. Jana shujaa, leo msaliti: bandika. Gundi ilimkaukia kwenye kucha, na mumewe akamtania kwamba sasa wote wawili ni mafundi wa viraka.

Miaka ikapita humo. Siku moja alikutana na Kidege barabarani, msichana mkubwa wa sekondari, skafu ya bluu shingoni na beji ya kiongozi. Alimwamkia kwa heshima na kusimama naye. Akaeleza, akikwama kila neno la pili, kwamba sasa yeye ndiye anayeongoza kiapo shuleni kwao.

"Kwenye k-kiapo sikwami, mwalimu. Nakwama ni-nikisema yangu."

Mwalimu Pole akamwekea skafu sawa, wakaagana.

Mlezi aliondolewa mwaka uliofuata. Watu waliimba mitaani, na mwalimu mkuu akaja nyumbani kumpa habari kwamba darasa lake linamngoja. Mwalimu Pole akamuuliza kama kiapo bado kipo.

"Kipo," mwalimu mkuu akajibu, akitazama chini. "Kipya. Kifupi kidogo."

Mumewe alidhani atakataa. Mwalimu akakwangua gundi kwenye kucha, kisha akasema watoto watafundishwa kusoma na mtu, basi heri mtu huyo awe yeye. Furaha ya kurudi aliitafuta asiione.

Asubuhi ya kwanza alipoingia, watoto wote walisimama wima, macho ukutani, wakingoja waanzishiwe kiapo, ambacho sasa kilisemwa madarasani. Akawaambia wakae. Hawakukaa. Mmoja akamnong'oneza kwamba hawajasema bado. Akawaambia tena wakae, hakuna la kusema. Wakatazamana. Mmoja akakaa nusu, akasimama tena. Miguu ilikuwa ikimuuma mwalimu, kwa hiyo yeye mwenyewe akavuta kiti akakaa, akawangoja.