Jina la Ukurasa wa Kumi na Moja

Kazi yangu ya kwanza baada ya kuhitimu ilikuwa ya mkataba wa miezi sita, katika ofisi ya timu ya futiboli ya Kimarekani ya chuo kikuu kimoja hapa Minneapolis. Kocha msaidizi wa safu ya mbele, yule anayewafundisha vijana wakubwa wanaomkinga mrusha mpira, alikuwa ameondoka. Niliambiwa nitazame video za waliotaka nafasi yake, kisha niandike ripoti.

Mwishoni walibaki wawili. Wa kwanza alikuwa na jina kubwa, tena aliwahi kufanya kazi na kocha wetu mkuu. Wa pili alitoka chuo kidogo ambacho ilibidi nikitafute kwenye ramani. Vijana wake walianza msimu wakijikwaa kwa miguu yao wenyewe. Kufikia Novemba walikuwa wakisogea kama mtu mmoja. Wale wa mwenye jina walikuwa hodari tangu siku ya kwanza, wakamaliza vilevile walivyoanza. Aliyepewa unga mzuri akasonga ugali mzuri hajathibitisha mengi.

Nililijua jibu. Ndiyo maana bado naumia.

Jumapili moja, baada ya kanisa, nilimweleza shangazi yangu, muuguzi anayeishi Maplewood. Yeye hukaa kwenye kamati ya kuajiri wauguzi wodini kwake.

"Kwa hivyo huyo wa pili ndiye mzuri?" akauliza, huku akikata sukuma wiki.

"Naona hivyo, Anti. Lakini huenda wapinzani wake ni dhaifu. Halafu pia—"

"Sijauliza halafu. Mimi nikimtaka mtu, namtaja kwanza, sababu zinafuata. Nyinyi wenye digrii mnaandika sababu mpaka mgonjwa anapona mwenyewe." Akafikiri kidogo. "Ama anakufa."

Nilicheka, nikarudi kuandika sababu. Ripoti ilifika kurasa kumi na mbili. Jina nililiweka ukurasa wa kumi na moja, nikiamini kwamba msomaji angefika pale akiwa ameshashawishika. Hata hapo niliandika kwamba huyu "huenda akafaa zaidi, kwa kiasi."

Siku ya kuamua, yule wa pili alihojiwa asubuhi, kisha akaombwa asubiri nje. Tulikuwa watu saba mezani. Kocha mkuu aliishika ripoti yangu bila kuifungua.

"Kazi nzuri, kijana. Wewe ungemchukua nani?"

Nilifikiria urafiki wake na yule mwenye jina. Nilifikiria lafudhi yangu. Nilifikiria kwamba nikikosea, hawatasahau.

"Inategemea tunatafuta nini, Kocha."

"Tunatafuta kocha," mmoja akasema, na wote wakacheka. Kocha mkuu alinisubiri kidogo. Alinisubiri kweli, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu siwezi kusema sikupewa nafasi. Kisha akamgeukia aliyekaa karibu nami. Baada ya dakika kumi walikuwa wamemchagua yule mwenye jina, rafiki wa Kocha.

Mimi ndiye niliyetumwa kumpeleka yule wa pili uwanja wa ndege. Alikuwa bado hajaambiwa, nami nilikuwa nimekatazwa kumwambia. Theluji ilikuwa ikianguka na magari yalikuwa yakitambaa.

"Kwenye mahojiano, wewe peke yako ndiye uliyeniuliza kuhusu miguu ya vijana wangu," akasema. "Asante."

Nikamtakia safari njema.

Mwezi uliofuata niliongezewa mkataba. Barua ilisifu ripoti yangu kuwa makini na isiyoegemea upande wowote. Niliisoma ndani ya gari, nikatamani kuichana. Shangazi alipika pilau ya kunipongeza.

"Na yule wako, walimchukua?"

"Hapana, Anti."

"Si ulimtaja?"

"Alikuwa ukurasa wa kumi na moja."

Mwiko ukasimama juu ya sahani yangu. "Nimeuliza kama ulimtaja."