Mlango wa Paini

Mama alipomfuata baba kaburini niliacha shule, nikaingia kazi ya useremala mjini Nakuru. Chumbani kwetu Bondeni nilibaki na wadogo wawili: dada yangu wa miaka saba na kaka yetu wa minne. Shangazi, aliyeolewa Subukia, alitaka kuwachukua. Nilimwomba asubiri hadi masika, aje ajionee kama siwezi kuwatunza.

Mlango wetu ulikuwa wa mabati ya madebe. Vumbi jeupe la ziwani lilipita likalala nasi kwenye blanketi, na dada akakohoa kila asubuhi. Kiangazi hicho nilipata mbao za paini, nikatengeneza mlango mpya.

Mzee aliyenifundisha kazi alipima kila mlango kwa sarafu ya senti kumi. Isipopita kati ya ubao na fremu, unaranda tena. Alikuja kuujaribu wangu, sarafu ikakataa.

"Kijana, unaziba chupa?"

"Nazuia vumbi, mzee."

"Paini hunywa maji kama ng'ombe. Sasa imekonda. Ngoja mvua."

Sikuranda. Kikohozi kilikuwa kimetulia.

Masika yalipofika, mvua ilipiga ule mlango wiki nzima. Asubuhi moja niliwaacha wadogo ndani, nikauvuta kwa nguvu hadi ukafungika, nikaenda kazini. Mchana jirani alikuja kuniita mbio. Mlango ulikuwa umevimba, umeng'ang'ania fremu. Shangazi alikuwa ameketi nje kwenye matope, mdomo karibu na ubao, akiwabembeleza watoto waliolia upande wa pili.

Mimi na jirani tuliusukuma kwa mabega hadi ukaachia.

"Na kama jiko lingewaka moto?" Shangazi aliuliza, bila kupaza sauti.

Niliingia, nikawafuta wadogo machozi.

"Hata wewe bado mtoto, mwanangu."

Alimfunga mdogo mgongoni. Dada alinishika kidole.

"Tutarudi mlango ukikauka?"

Nikasema ndiyo.

Ulikauka. Kiangazi kilichofuata ulikuwa ukifunguka kwa kusukumwa na kidole, na vumbi likaanza kupita tena. Jioni moja nilichukua senti kumi, nikaichomeka pembeni kama mzee. Ilipita bila kugusa ubao, ikaanguka ndani, ikabingirika sakafuni hadi chini ya kitanda. Hakuna aliyeikimbilia.