Mawe Chini ya Ukuta wa Udongo

Ukuta wa nyumba yetu ya kwanza ulianguka mchana, katika mvua za masika, nikiwa uani napepeta mtama. Haukuanguka kwa kishindo. Ulijikunja chini polepole kama mtu anayetafuta mahali pa kukaa, kisha ukalala upande wa jikoni, na paa letu la madebe yaliyopasuliwa likaufuata. Nilibaki nimesimama na ungo mkononi.

Mama mkwe wangu alikuwa akikaa nyumba ya mbele yetu, katika shamba lile lile ambalo serikali ilimpa baba yake, askari Mnubi aliyeletwa huku Kibra enzi za mwanzo za Waingereza. Alitoka, akautazama ule udongo, akanitazama mimi.

"Mtoto yuko wapi?"

"Ninaye mgongoni, Mama."

"Basi hakuna kilichoanguka," akasema, na akaanza kuokota vyungu vyangu vilivyopona.

Jioni mume wangu alirudi kutoka mjini na vumbi la simiti kwenye nyusi. Siku hizo, baada ya vita vikuu vya pili, Nairobi ilikuwa ikijengwa kila upande. Ukitoka Kibra asubuhi ulikutana na wanaume wengi wakishuka kwa miguu kwenda kwenye majengo: wachimba msingi, wabeba maji, maseremala, wachonga mawe. Mume wangu alikuwa fundi wa kuta. Kazi hiyo aliijulia jeshini, Burma, ambako kikosi chake kilijenga madaraja na maghala. Aliporudi, kontrakta Mhindi alimwandika awe kibarua wa kubeba mchanga. Ilipita miaka kadhaa ndipo akapewa mwiko, siku fundi mmoja alipougua na ukuta hauwezi kungoja. Tangu hapo mwiko haukumtoka mkononi.

Sasa alisimama mbele ya rundo la udongo lililokuwa chumba chetu cha kulala. Nilidhani atakasirika. Alichuchumaa, akavunja donge moja la udongo kwa vidole.

"Kutwa nzima niko juu ya jukwaa najenga ofisi ya watu," akasema. "Mawe matupu, kona zimenyooka. Na mke wangu ananyeshewa."

"Sijanyeshewa. Nilikuwa kwa Mama."

"Unajua ninachosema."

Nilijua. Kibra ardhi ilikuwa ya serikali. Tuliruhusiwa kukaa na kulima, lakini nyumba ya mawe na simiti ilikatazwa, maana nyumba ya namna hiyo ingetufanya tujione wenye ardhi. Kwa hiyo watu waliojenga mji wa mawe mchana walirudi kulala kwenye miti na udongo.

Jumapili alitutembelea rafiki yake wa kazini, Mkikuyu wa Riruta aliyekuwa mchonga mawe kwenye jengo lile lile. Alikuwa Mkristo, mtu wa maneno machache, na kwao walikuwa na ardhi ya ukoo. Alikuja na mkokoteni umejaa nguzo za miti ya miwati alizokata shambani kwake baada ya kutoka kanisani. Kabla hata hajanywa chai alivuta nguzo moja ya zamani kutoka kwenye lile rundo, akatugeuzia ncha yake ya chini. Ilikuwa imeoza, nyeusi, laini kama muhogo uliolowa.

"Nyumba hii haina kosa juu," akasema. "Imeoza miguu. Ukiweka hizi nguzo mpya kwenye udongo ule ule, mvua zikirudi utaniita tena."

"Nifanye nini? Mawe hawataki."

"Simiti ndiyo hawataki. Je, mawe yakipangwa tu, bila simiti, yakishikwa na udongo?"

Mume wangu aliitazama ile ncha iliyooza. Kisha akacheka, kwa mara ya kwanza wiki ile.

Pale machimboni walikokata mawe ya jengo, vipande vilivyovunjika vibaya vilitupwa. Waliomba ruhusa kwa msimamizi wakakubaliwa kuvichukua, na kila Jumamosi mchana walivileta Kibra kwa mkokoteni. Walichimba mtaro, wakayapanga mawe yale moja juu ya jingine, wakiyachonga yakae sawa, mpaka yakafika juu ya goti. Juu ya mawe ndipo wakasimamisha nguzo na kufunga fito.

Kuanzia hapo kazi ilikuwa yetu wanawake. Majirani walikuja asubuhi na leso zimefungwa viunoni, tukakanyaga udongo na nyasi na maji, tukaukandika kwenye fito kwa viganja. Mkono wa kupiga ukuta lipu niliurithi kwa habuba yangu, bibi mzaa mama, ambaye kuta zake zilikuwa nyororo kama sahani. Alichanganya udongo mwembamba na samadi ya ng'ombe na majivu, akaupaka mara tatu, na kila mara akauacha ukauke kwanza. Nami nilifanya hivyo. Mama mkwe alipita na kiganja chake ukutani, kisha akaniletea kisra, mkate wetu mwembamba wa mtama, na mchuzi wa bamia. Kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Afisa Mzungu aliyesimamia makazi ya Kibra alikuja kabla paa halijamalizika. Mtu alikuwa amemwambia. Alishuka kwenye gari na askari wake wawili, akaizunguka nyumba, akasimama penye kona.

"Hii mawe nani weka?"

"Mimi, Bwana," akasema mume wangu.

"Kibra mawe hapana. Wewe jua."

"Ni mawe matupu, Bwana. Simiti hakuna. Yameshikwa na udongo kama ukuta mzima."

Mzungu aliinama, akachokoa katikati ya mawe kwa fimbo yake. Udongo ukamwagika. Akachokoa mahali pengine, udongo tena. Mtoto mgongoni akaanza kulia. Akilini nilikuwa nimekwisha kuona askari wakiubomoa ukuta wangu, nimekwisha kuwaza ni wapi nitapata nguvu ya kukandika upya.

"Siku serikali sema ondoka," akasema hatimaye, "wewe beba mawe yako yote."

"Nitabeba, Bwana."

Alirudi garini. Mume wangu alibaki ameshika kofia yake. Sikujua kama tumeshinda au tumetukanwa, na nadhani naye hakujua. Lakini nyumba ilisimama. Mvua zilizofuata zilikuwa kali kuliko zile za kwanza, maji yakapita mlangoni kama mto, na asubuhi nguzo zetu zilikuwa kavu. Watu walikuja kuchungulia. Jirani wa upande wa chini akaja kumwomba mume wangu ampangie mawe, kisha mwingine, na kwa kuwa Mzungu hakuwa ametubomolea sisi, hakuna aliyeogopa sana.

Habari zilivuka barabara ya Ngong. Huko Riruta kanisa la yule rafiki yetu lilitaka darasa la watoto, na kwa kuwa ardhi kule ilikuwa yao wenyewe, wangeweza kujenga kwa mawe na simiti bila kuulizwa. Wazee wa kanisa walikuwa wamefikiria kumwita kontrakta kutoka mjini. Rafiki yetu akawaambia kwamba yeye na mwenzake wa Kibra wanaweza.

Alipotuletea habari hiyo, mume wangu aliweka kikombe chini.

"Peke yetu? Hakuna msimamizi?"

"Msimamizi ni mimi na wewe."

"Na tukikosea nani atatuambia?"

"Nani alikuwa akikuambia Burma?"

"Sajini. Kwa matusi."

"Basi nitakutukana," akasema yule rafiki, na sote tukacheka, hata Mama mkwe aliyekuwa akijifanya hasikii.

Walijenga wakati wa kiangazi. Nilimwona mume wangu akiondoka alfajiri na timazi yake ya kunyooshea kuta mfukoni, akirudi amechoka lakini anaongea, na hakuwa mtu wa kuongea. Kuta zilipanda. Kisha fundi wa lipu waliyemchukua akapata kazi nyingine mjini, akaondoka na kuwaacha na kuta za ndani zikiwa mawe matupu.

"Kuna mkono mmoja ninaoujua," mume wangu akasema tukiwa kwenye chakula, na akanitazama.

Mama mkwe aliacha kula. "Mke wako aende Riruta akafanye kazi na wanaume? Kanisani?"

"Si kanisani, Mama. Ni darasa."

"Watu watasema nini?"

Mimi niliinamia sahani. Lakini nilitaka kwenda. Nilikuwa nimesikia habari za kuta zile kila jioni, nikazijua kama mtu anavyomjua jamaa ambaye hajawahi kumwona. Mama mkwe alinitazama usoni kwa muda mrefu, na nadhani aliona.

"Kama ni lazima aende," akasema, "nitakwenda naye."

Tukaenda, yeye mbele amejifunga gurbaba, nguo yake nzuri ya Kinubi, mimi nyuma na mtoto, tukapita Kawangware kati ya mashamba ya mahindi na viazi. Mlangoni mwa darasa nilivua viatu kabla sijafikiri, na wanawake wa Riruta waliobeba maji wakacheka kwa upole.

Simiti si udongo. Udongo unakungoja; unaweza kwenda kunyonyesha mtoto ukarudi ukaukuta pale pale. Lipu yangu ya kwanza niliipaka kwa kiganja kama nilivyozoea, ikakaa kidogo, kisha yote ikaniangukia miguuni. Walicheka tena, safari hii kwa nguvu, na mimi nikacheka nao ingawa machozi yalikuwa karibu.

"Lowesha ukuta kwanza," mume wangu akasema. "Una kiu, unanyonya maji yote. Na usipake. Rusha."

Alinipa mwiko wake. Niliurusha mchanganyiko, ukashika. Nikaurusha tena. Polepole mkono ulielewa, na nilipofika kwenye kulainisha, pale nilikuwa nyumbani: ni mwendo ule ule wa habuba, kuzungusha mkono bila haraka mpaka ukuta utulie. Siku iliyofuata wanawake wawili wa Riruta waliomba niwaonyeshe, na tukafanya ukuta wa tatu pamoja.

Mama mkwe alikuwa amekaa kivulini na mama yake yule rafiki yetu. Mmoja alijua Kinubi, mwingine Kikikuyu, na Kiswahili cha wote wawili kilikuwa cha kuokoteza, lakini walizungumza kutwa. Nilisikia wakibishana juu ya majivu, kama yanafaa zaidi kwa sakafu au kwa ukuta. Adhuhuri ilipofika, Mama mkwe aliswali nyuma ya rundo la kokoto, na yule mama akawafukuza mbuzi wasimsumbue.

Siku ya kufungua darasa watoto waliingia kabla madawati hayajaja, wakaketi sakafuni, na wengine wakapitisha viganja vyao ukutani, huku na huku, kwa sababu ya ubaridi wake. Mume wangu na rafiki yake walisimama nje wameegemea mkokoteni, hawataki kuingia. Niliwaona wote wawili wakifuta macho, kila mmoja akitazama upande mwingine.

Baada ya hapo walipata kazi ya duka huko Kawangware, kisha nyumba ya mwalimu. Walichukua vijana wa Kibra na wa Riruta wakawafundisha kupima na kuchonga, na wale vijana nao wakaenda na miiko yao mjini, wakiandikwa kama mafundi tangu siku ya kwanza. Sisi tuliendelea kukaa kwenye udongo wetu juu ya mawe yasiyo na simiti. Haikuwa haki, na hatukuacha kulisema hilo. Lakini nilipolala niliisikia mvua ikipiga juu ya paa, na sikuamka kushika ukuta.

Asubuhi moja mwenye shamba mmoja wa Kawangware, mzee mwenye koti zito na fimbo, alifika uani kwetu. Mume wangu alikuwa akinoa patasi.

"Natafuta fundi wa lipu," akasema yule mzee. "Yule wa darasa la Riruta."

Mume wangu hakuinua kichwa. Alinyoosha tu patasi kuelekea kwangu, nilipokuwa nikifua.

Mzee alinitazama, akamtazama tena mume wangu, akanitazama mimi. Nilifuta mikono kwenye leso, nikamkaribisha kigoda, na nikamuuliza chumba chake kina ukubwa gani.