Waya wa Banda la Kuku

Juzi jirani yangu alivuta waya wa umeme kutoka dirishani hadi bandani kwake, akaufunga kwenye seng'enge ya kuanikia nguo. Nikasikia tena harufu ya sabuni ya mche.

Nilipokuwa mtoto, kwetu Iringa, vifaranga walikuwa wanakufa kwa baridi, na baba akataka kuwawekea taa bandani.

"Baba Neema, ngoja kwanza watu wa umeme watoe kibali," mama alimwambia.

"Hao mpaka waje, vifaranga wameisha." Akaupitisha waya kwenye seng'enge yetu ya nguo.

Mchana mmoja mama alikuwa akianika mashuka mabichi, yananukia sabuni ya mche. Nilisikia beseni likianguka. Baba alitoka mbio, akamtikisa, mama hakuamka. Kabla hajaita mtu, akauchomoa ule waya, akaufungua na kuukunja taratibu. Nilidhani anasafisha ua kwa ajili ya wageni.

Baada ya mazishi wajomba walisema bibi, mama yake baba, ndiye aliyemroga mama. Baba alinyamaza. Bibi, tuliyekuwa tukiishi naye, akafukuzwa arudi kijijini kwake Kalenga, na hakukanyaga tena kwetu.

Kifurushi chake hadi stendi alikibeba baba.