Kiapo cha Kwenye Simu

“Kwa simu haapi mtu hapa! Hiyo hiyo ndiyo uliyonitukania jana.”

“Shemeji, Neno la Mungu ni Neno, liwe kwenye karatasi au kwenye simu.”

Nilikuwa ofisini kwa mwenyekiti wa kijiji, huku kwetu Lushoto, ninakofanya usafi tangu nilipoacha shule. Mjane mmoja alimshtaki kaka wa marehemu mumewe kwamba amehamisha masale, ile mimea ya mpaka, na kumega shamba lake la viazi. Shemeji alikana, akatoa simu yenye Biblia ili aape, ndipo mjane akang’aka.

Mwenyekiti, ambaye ni Mwislamu, alikuna kidevu. “Mzee mwenzangu, kama ni Neno, lisome kwanza. Tafuta panapozungumzia mpaka wa jirani.”

Shemeji alitafuta, akaanza kusoma kwa sauti ya kanisani. Alipofika kwenye laana ya anayesogeza mpaka wa mwenzake, sauti ilikatika. Kidole kikapandisha na kushusha kurasa, kama anayetafuta mstari wa kumwonea huruma. Mwishowe akaizima simu bila kuapa.

Mimi nimelelewa kwamba Biblia haiwekwi sakafuni, nikadhani utakatifu wake umo kwenye lile jalada jeusi. Kumbe maneno yaliyovuviwa na Mungu humkamata mtu hata kupitia kioo cha simu kilichopasuka. Labda ndiyo maana wengi wetu tunapenda kuishika Biblia kuliko kuisoma.

Mjane alikuwa ameshafika mlangoni shemeji alipomfuata, akasema bila kuinua macho: “Kesho asubuhi njoo shambani, shemeji. Nitayarudisha masale ukiwa unaona.”