Kura Yangu Katika Mahakama ya Mwanzo

Siku yangu ya kwanza kazini, karani wa mahakama alitoka mlangoni akaita, "Mzee wa baraza wa pili yuko wapi?" Nikasimama. Akaniangalia, akatazama watu walio nyuma yangu, akaita tena. Nikamwambia, "Ni mimi, baba." Wakati huo nilikuwa bado na watoto wadogo. Nilikuwa nimeuza mchele sokoni Nyasubi miaka kadhaa, kisha nikamfuata mume wangu huku kwenye machimbo ya dhahabu, njia ya kuelekea Bugarama. Watu walizoea kwamba mzee ni mwanamume mwenye mvi, na mimi sikuwa mwanamume wala sikuwa na mvi.

Vijana wengi hawajawahi kuingia Mahakama ya Mwanzo, kwa hiyo nieleze kidogo. Pale hakimu hakuwa anakaa peke yake. Kushoto na kulia kwake walikaa wazee wawili wa baraza, raia wa kawaida waliopendekezwa na kata yao: mkulima, mshonaji, muuza mchele. Kazi yetu ilikuwa kusikiliza shauri tangu mwanzo, kuuliza maswali, na mwisho kupiga kura. Kura ya mzee ilikuwa na uzito uleule wa kura ya hakimu. Na lugha ya mahakama ilikuwa Kiswahili, tangu mashtaka yanaposomwa hadi hukumu.

Hapo kwenye lugha ndipo nilipokutana na mlima wangu. Hakimu wangu wa kwanza alikuwa mtu wa Tanga, mwenye Kiswahili kilichonyooka kama nguo iliyopigwa pasi. Mimi nimezaliwa na kukulia katika Kisukuma. Kiswahili nilikijulia shuleni na sokoni, na hadi leo herufi zangu mbili, r na l, hugombania nafasi moja. Nilipomsalimu kwamba nimefika kusaidia kusimamia "shelia", alivua miwani.

"Mama, Kiswahili chako kinatosha?"

"Kinanitosha kununua na kuuza, Mheshimiwa."

"Hapa hatuuzi. Hapa neno moja linaweza kumpeleka mtu gerezani. Nitakupa nafasi, lakini nikiona hufuati, nitaiandikia kata ilete mwingine."

Sikukasirika. Alichosema kilikuwa kweli, nami nikakichukua kama kazi niliyopewa. Mzee mwenzangu, Mzee Hamisi, fundi cherehani aliyetoka Kigoma zamani, akawa mwalimu wangu. Kila mapumziko ya chai alinikalisha kwenye benchi la nje. "Kukubali na kukiri si kitu kimoja, Mama Kabula," alikuwa akisema. "Mtu anakubali kunywa chai. Kosa analikiri." Nilijifunza kwamba mlalamikaji ndiye anayeleta shauri na mshtakiwa ndiye anayeshtakiwa, na kwamba kuahirisha shauri si kulifuta. Nikirudi nyumbani niliwatajia wanangu maneno hayo nikisonga ugali, nao wakanisahihisha huku wakicheka.

Miezi ikapita, na hakimu hakuiandikia kata. Ndipo likaja shauri la Minza.

Minza alikuwa msichana wa kutoka kwa wafugaji, vijiji vya ndani huko upande wa Masumbwe. Alikuwa akipika kwenye mwalo, yaani mahali mawe ya dhahabu yanaposagwa na kuoshwa. Mwenye mwalo alimshtaki kwamba ameiba mfuko wa mawe. Aliingia kizimbani akiwa na mtoto mchanga mgongoni, akapiga goti kidogo kutusalimu, macho chini. Hakimu akasoma shtaka, akamuuliza kama ni kweli.

"Ndiyo," akasema.

"Umeelewa shtaka?"

"Ndiyo."

Hakimu akaanza kuandika kwamba mshtakiwa amekiri. Akimaliza kuandika, mlango wa gereza umefunguka. Mimi nilikuwa nimemtazama yule binti usoni. Ile "ndiyo" niliijua, kwa sababu mama yangu aliitumia maisha yake yote mbele ya daktari, mbele ya karani, mbele ya kila mtu mwenye kalamu. Haikuwa na maana kwamba ni kweli. Ilikuwa na maana kwamba ninakuheshimu, nakusikia, endelea. Nikanyoosha mkono.

"Mheshimiwa, naomba nimuulize mshtakiwa."

"Uliza."

Nikamgeukia, nikasema kwa Kiswahili, polepole, "Binti, huyo mtoto uliyembeba ni wangu?"

"Ndiyo, mama," Minza akajibu.

Hakuna aliyecheka. Hakimu aliweka kalamu chini, akamtazama mtoto, akanitazama mimi. Kisha akalikata lile neno alilokuwa ameliandika.

Mimi nisingeweza kumtafsiria, maana anayeamua shauri hawezi pia kuwa mdomo wa mshtakiwa. Basi akaapishwa mhudumu wa mahakama, Msukuma wa Shinyanga, awe mkalimani. Shtaka likasomwa upya kwa Kisukuma. Minza akainua uso kwa mara ya kwanza. "Yaya," akasema kwa nguvu. Hapana. Na maneno yakamtoka kama maji.

Shauri likasikilizwa. Shahidi mkuu alikuwa mlinzi wa mwalo, aliyesema alimwona Minza akitoka na mfuko mgongoni. Mzee Hamisi akamuuliza, "Na mtoto alikuwa wapi?" Mlinzi akasema hakukuwa na mtoto. Lakini wanawake wawili waliopika naye walieleza kwamba siku hiyo mtoto alikuwa na homa, na Minza hakumshusha mgongoni hata wakati wa kukoroga uji.

Tulipoingia chumbani kutoa uamuzi, hakimu alisema anamwona ana hatia. "Mlinzi amemtambua. Na mtu hakubali bure, hata akiwa mwoga."

"Mheshimiwa," nikasema, "hakukiri. Alikuheshimu."

"Na mfuko na mtoto haviwezi kukaa mgongo mmoja," akaongeza Mzee Hamisi.

Tukapiga kura. Hakimu: ana hatia. Sisi wawili: hana hatia. Hakimu akavuta jalada. Mtu yule nilimheshimu zaidi siku hiyo kuliko siku nyingine yoyote, kwa sababu aliandika hukumu ya kumwachia Minza kwa mwandiko uleule mzuri, na akaisoma kwa sauti ileile iliyonyooka, kana kwamba ilikuwa yake. Nje, wanawake wa mwalo walipiga vigelegele hadi polisi akawaomba wasogee mbali kidogo na dirisha.

Mwenye mwalo alikata rufaa mahakama ya wilaya. Habari aliileta hakimu mwenyewe, akanikuta kwenye benchi.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Mama Kabula, rufaa imetupwa. Wamesema mlisikiliza vizuri."

Tangu hapo, kabla ya kumsomea mshtakiwa yeyote, aliuliza kwanza: "Nyumbani unazungumza lugha gani?" Alipohamishwa, hakimu aliyemfuata akaukuta utaratibu huo, naye akauendeleza. Nilikaa na mahakimu kadhaa, wakali na wapole. Wa mwisho alikuwa mwanamke kijana, rika la binti yangu, aliyeniomba niwafundishe wazee wapya wa baraza. Nikawafundisha kwa Kiswahili, na hakuna aliyeuliza kama kinatosha.

Sasa nimestaafu. Vijana huniuliza kama ni haki kumdai raia ajue lugha ya mahakama. Nawajibu kwamba mimi nilidaiwa, nikajifunza, na kujifunza kule kulinipa sauti. Lakini nchi nayo inadaiwa: isimhukumu mtu kwa neno ambalo hakulielewa. Ikifika siku kata ikakupendekeza, usijifiche shambani. Nenda ukakae.

Shauri langu la mwisho lilikuwa la mzee mmoja mfugaji aliyedai ng'ombe wa jirani yake, akashindwa. Mkalimani alikuwa amemtafsiria kila neno. Nilipotoka nikamkuta ameegemea fimbo yake langoni, nikadhani amenisubiri anilaumu. Akanipa mkono.

"Nimeshindwa, mayu," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma. "Lakini nimesikia yote."